Idd ya kwanza baada ya eda

Swali la wiki hii limetoka kwa mama wa Murongo, wilayani Kyerwa, ambaye jina lake tunalihifadhi. Mumewe amefariki, eda imekwisha, na Ramadhani inaelekea ukingoni. Ameazimia kuipaka sebule chokaa, kuhamisha kitanda, na kula chakula cha Idd nyumbani kwake pamoja na wanawe wadogo, badala ya kwenda kwa shemeji mkubwa kama ilivyokuwa desturi enzi za marehemu. Upande wa mume umenung'unika. Wanasema mjane anayebadilisha nyumba kabla ya mwaka kutimia ameufurahia msiba. Naye anatuuliza: je, ana kosa?

Hana kosa, na tunalisema hili mapema ili asizidi kukosa usingizi. Maombolezo ya mzazi, mtoto au ndugu hayapiti siku tatu. Mke kwa mumewe amewekewa miezi minne na siku kumi, kama ilivyokuja katika Suratul Baqara, aya ya 234, na mwenye mimba eda yake huisha kwa kujifungua. Katika muda huo huacha manukato na mapambo, na hukaa katika nyumba yake. Furay'a binti Malik (r.a.), ambaye mumewe aliuawa na watumwa waliotoroka, alitaka kurejea kwa jamaa zake, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza abaki nyumbani hadi muda utimie.

Ama huo mwaka mzima wa majonzi, asili yake inajulikana. Ni ada ya zama za jahiliya: mjane alijifungia katika kijumba duni, akavaa nguo mbovu kuliko zote alizonazo, asiguse manukato mpaka mwaka uzunguke. Mtume (s.a.w.) aliwakumbusha ada hiyo wanawake walioiona eda kuwa nzito. Inasikitisha kwamba leo tunairejesha wenyewe, kisha tunaiita heshima kwa marehemu.

Kwa hiyo chokaa ni halali yake. Lakini kabla ya kugusa vitu vya marehemu kuna jambo ambalo familia nyingi hulipita haraka. Kanzu, redio, baiskeli, hata kile kiti alichozoea kukalia barazani, vyote ni mirathi. Kwanza yatolewe madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wapewe mafungu yao. Mjane mwenye watoto fungu lake ni thumni. Sehemu ya mtoto ambaye hajabaleghe haitolewi sadaka na yeyote, awe mama au ami, hata kwa nia njema. Basi mama akitaka kumpa maskini kanzu ya mumewe, na ihesabiwe katika fungu lake yeye. Na shemeji aliyekwisha kuondoka na baiskeli "kama kumbukumbu" airudishe ikathaminiwe.

Tunasema hivi kwa kuwa mkoa wa Kagera una historia yake katika jambo hili. Mila za ukoo zilimnyima mwanamke mamlaka juu ya ardhi ya ukoo, na shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa babaye, lilifika Mahakama Kuu ya Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo ilikuwa ya kibaguzi. Qur'ani ilikwisha kumtajia mwanamke fungu lake zaidi ya karne 13 kabla ya hukumu hiyo. Mjane anayenung'unikiwa kwa ajili ya kitanda leo, kesho huenda akanung'unikiwa kwa ajili ya migomba na mibuni. Mirathi iandikwe mapema, mbele ya mashahidi.

Sasa tuje kwenye Idd yenyewe. Marehemu ndiye aliyekuwa akiwatolea zakatul fitri wote wa nyumba ile. Mwaka huu, mtoto mwenye mali aliyorithi hutolewa katika mali yake, na asiye na kitu hutolewa na anayemlea. Ni pishi moja kwa kila kichwa, nasi twapendekeza kibaba akishike yule mtoto mkubwa, apime mchele mwenyewe huku wadogo zake wakihesabu. Kazi ya baba itakuwa imepata mkono mwingine. Asubuhi mama atoke nao kwenda kuswali. Ummu Atiyya (r.a.) amesimulia kuwa wanawake waliamrishwa kutoka siku ya Idd, hata wenye hedhi, ambao hushuhudia kheri na kujitenga na mahali pa swala. Waende kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, kama ilivyo sunna. Kwa watoto waliozoea kushikwa mkono na baba katika njia ile ile, sunna hii ina nafuu yake.

Na chakula? Kwa shemeji waende alasiri kusalimia, maana udugu haukatwi kwa sababu ya sinia. Mchana wapike kwao: ndizi za shambani, nyama, na pilau uwezo ukiruhusu. Bi Khadija (r.a.) alipokuwa amekwisha kufariki, Mtume (s.a.w.) alikuwa akichinja kondoo humtenga mafungu na kuyapeleka kwa marafiki wa Bi Khadija, hata Bi Aisha (r.a.) akaona wivu. Basi mama huyu apakue sahani moja ya kwanza na kuwapelekea wale waliokuwa wakikaa na mumewe barazani. Huenda wengine wako ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Kikagati, kwa kuwa watu wa Murongo hawajawahi kuhesabu udugu wao kwa mpaka. Ipo miaka ambayo mwezi huandama Uganda kabla ya kutangazwa kwetu, na sahani ya Murongo itavuka daraja wenzao wakiwa katika Idd pili. Watoto wataipeleka hivyo hivyo, na wakipewa sahani ya kurudi nayo wasikatae.