Jiometri Ipo Sokoni Kibaigwa

Katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, jiometri inaonekana kwa macho. Ubao wa mita 3 ukiegemezwa kwenye lori, kwenye kimo cha mita 1, huunda pembetatu. Msuguano ukiwekwa kando, gunia linalosukumwa juu ya ubao huo huhitaji theluthi tu ya nguvu ya kulinyanyua wima. Malipo yake ni safari ndefu mara 3.

Baiskeli nayo ni darasa. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 70 lina mzingo wa takriban mita 2.2. Gia ya mbele ikiwa na meno 44 na ya nyuma 22, kila mzunguko wa pedali huisogeza baiskeli mita 4.4.

Mtaala wa Tanzania ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unasisitiza umahiri. Kwa nini basi pai, yaani uwiano wa mzingo kwa kipenyo, iendelee kukaririwa ubaoni?

Walimu wa hisabati na sayansi mkoani Dodoma waunganishe vipindi, wamwalike fundi baiskeli, na wanafunzi wapewe futi kamba. Mtihani nao umtake mwanafunzi apime gurudumu, akadirie umbali, kisha aisukume baiskeli uwanjani kuthibitisha jibu lake.