Akimaliza Kemo, Nani Anauliza Kuhusu Moyo Wake?

Wasee, tuambiane ukweli. Kuchanga tunajua. Mtoto wa jirani akipatikana na kansa, tunafungua grupu ya WhatsApp, tunatuma mia mia, tunaitisha harambee. Akimaliza kemo tunaposti picha yake, tunaandika "shujaa", halafu kila mtu anaendelea na maisha yake. Hakuna anayeuliza moyo wake uko aje.

Hapo ndipo tunakosea. Kuna dawa ya kemo inaitwa doksorubisini, ile nyekundu inayopitia kwa mshipa. Inatumika kwa lukemia, limfoma na kansa ya mifupa. Inaokoa maisha, sikatai. Lakini inaweza kuumiza misuli ya moyo, na madhara yakajificha miaka kumi au ishirini. Mtu wa miaka 25 anahema akipanda ngazi, anachekwa ati hafanyi mazoezi. Kumbe moyo ndio unachoka.

Na sio siri. Mwongozo wa kimataifa unasema kama ulipewa jumla ya miligramu 250 au zaidi kwa kila mita mraba ya mwili, upimwe moyo kwa eko kila baada ya miaka 2, hata kama unajisikia poa. Kuna hata dawa ya kukinga moyo, deksrazoksani, inayotolewa kabla tu ya doksorubisini. Mgonjwa wangapi wamewahi kuisikia?

Najua mtaniambia, "Kwanza tupate pesa ya kemo." Sawa. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Eko haina kisu wala maumivu, ni mashine ya kuangalia moyo ukipiga. Kutibu moyo ulioshindwa kazi ndio gharama.

Kwa hivyo bima isilipie kemo pekee, ilipie pia eko za baadaye. Na hospitali isimwachilie mtu bila karatasi inayosema alipewa dawa gani, jumla ya dozi, na lini arudi kupimwa moyo. Hiyo karatasi haihitaji mfadhili.

Wewe uliyepona, itishe hiyo karatasi. Pima presha, achana na sigara, na ukipanga kupata mtoto, mwambie daktari ulipitia kemo.

Na wewe uliyeposti "shujaa", mpigie leo. Muulize mara ya mwisho kupimwa moyo ilikuwa lini. Kama hajui, tafuta siku mwende pamoja.