Ratiba Iko Kwenye Friji, Mtoto Yuko Macho

KIBARAZANI na Bi Mchokozi

Friji ya shoga yangu wa Tabata ina malezi mazuri sana. Imebandikwa karatasi ya rangi iliyotiwa plastiki: saa 12 jioni kuoga, saa 12:30 kula, saa 1:30 hadithi, saa 2 kulala. Pembeni kuna mwezi unaotabasamu. Niliisoma Jumanne, saa 4 usiku inagonga, huku mwenye ratiba, bwana mdogo wa miaka 3, akirukaruka kwenye kochi, chipsi mkono mmoja, simu ya baba mkono wa pili.

“Shoga, huyu mtoto hana usingizi. Sijui kamrithi nani!”

Hana, au kanyimwa? Televisheni inanguruma, tamthilia ya Kituruki imefika patamu, taa zote zinawaka. Mimi ninayesinzia kwenye daladala nikiwa nimesimama, hapo nilikuwa macho kodo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, na mbele ya skrini asizidishe saa 1. Haya, pigeni hesabu. Aliyelala saa 5 usiku, akaamshwa saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule, ana saa 6. Anavalishwa soksi anakoroma, anatiwa andazi mdomoni, kisha mwalimu wa chekechea analaumiwa kwamba mtoto hashiki herufi!

Mtaniambia foleni. Foleni naijua, nimezeekea Ubungo. Foleni humchelewesha baba, haiwashi televisheni.

Bibi zetu Tanga hawakubandika kitu ukutani. Adhana ya Magharibi ikilia, watoto ndani, miguu ikaoshwa, wali ukaliwa, ngano ikasimuliwa, kimya. Nyumba nzima ilitulia, na mtoto akatulia nayo. Ratiba isiyofuatwa na wakubwa ni sawa na ahadi ya fundi wangu wa bomba ambaye, kwa mnaoniuliza kila wiki, bado yuko njiani.

Lililonichoma zaidi lilitokea mlangoni mwa jikoni. Dada wa kazi alichungulia akauliza kwa adabu, “Mama, nimlaze?” Akajibiwa asubiri, baba hajamaliza kucheza naye. Kumbe binti yule alishamwogesha saa 12, akamlisha, akamsimulia na hadithi yake ya sungura. Mtoto alikuwa ameshalala! Wenye nyumba walipoingia ndipo wakamwamsha, eti wamemkumbuka.

Basi ile karatasi ina msomaji mmoja tu, naye analala kwenye godoro la chini.

Desemba akienda kwao, msinipigie simu kuuliza mtoto analazwaje. Mpigieni yeye. Ila mlipeni kwanza mshahara wa Novemba.