Kungoja Nako ni Karo

Sisi watu wa pwani tulilijua neno "chuo" kabla hatujasikia habari za chuo kikuu. Kwetu chuo ni kitabu, na chuo vile vile ni pale mtoto apelekwapo kwa mwalimu akajifunze kusoma Kurani. Mzazi humshika mwanawe mkono, akafika na ada yake ndogo, naye mwalimu humpokea siku ile ile. Haambiwi, "Rudi nyumbani ungoje, jibu litakufuata." Atakayeshindwa hushindwa akiwa ndani, mbele ya mwalimu wake, wala si nje ya mlango.

Chuo kikuu hakiwezi kuwa hivyo. Nafasi za kusomea udaktari au sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi ni chache kuliko vijana wazitakao, na penye wengi lazima pawe na kuchagua. Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kuchagua. Ninalotaka tulitazame leo, ndugu msomaji, ni huko kungoja kwenyewe. Maana wakubwa wetu hunena juu ya kungoja kana kwamba ni kitu cha bure. Mimi nasema kungoja nako ni karo, na karo hiyo hailipwi sawa na watu wote.

Lugha yetu imelijua jambo hili tangu zamani. Ina methali mbili ambazo mtu akizitazama juu juu huziona zapingana. Ya kwanza ni "Subira yavuta heri." Ya pili ni "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Hazipingani hata kidogo. Mwenye akiba ghalani husubiri. Asiye na akiba hungoja, na tumbo lake ndilo lilipalo. Aghalabu ile ya kwanza huisikia kwenye hotuba, na ile ya pili huisikia jikoni.

Tuanze na historia. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Waliokuwa ndani walirudishwa makwao, na waliokuwa mlangoni wakarundikana. Kisha ukaja mpango wa 8-4-4. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989, na mwaka huo huo ndipo walipofanya mtihani wanafunzi wa mwisho wa kidato cha sita cha mpango wa zamani. Mwaka 1990 makundi hayo mawili yakaingia vyuoni pamoja. Watu wa rika langu waukumbuka msongamano ule. Tangu hapo ikawa kawaida ya nchi kwamba kijana akishinda mtihani hukaa nyumbani hata miaka miwili kabla ya kuitwa.

Lakini je, walikaa wote? La! Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mlango wa pili, wa wanafunzi wa kujilipia. Vyuo vingine vikafuata. Tangu siku hiyo, kijana mwenye alama za wastani na baba mwenye pesa aliweza kuingia darasani mara moja, na kijana mwenye alama nzuri kumshinda akabaki kijijini akichunga mbuzi, angojea zamu yake ya serikali. Alipofika yeye mwaka wa kwanza, mwenzake alikuwa wa tatu. Hiyo miaka miwili haikuandikwa kwenye risiti yoyote, lakini ililipwa. Ilikuwa mwaka 2011 ndipo vyuo vilipoanza kuchukua makundi mawili kwa pamoja ili mrundikano ule upunguzwe.

Siku hizi hali imegeuka. Iliyokuwa bodi ya pamoja ya vyuo, yaani JAB, iliondolewa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, na mahali pake likawekwa shirika la KUCCPS. Mtihani wa mwaka 2016 uliposimamiwa kwa ukali, waliopata C+ na zaidi walipungua wakawa chini ya 90,000, na tangu hapo nafasi za digrii zimewatosha waliofikia kiwango hicho na kuomba, ijapokuwa si kila mtu apataye kozi aitakayo. Katika mtihani wa mwaka 2024, watahiniwa 246,391 kati ya 962,512 walipata C+ na zaidi. Matokeo yalitangazwa Januari 2025, na majibu ya nafasi za vyuo yakatoka katikati ya mwaka. Basi ile miaka miwili imekuwa miezi sita hivi. Ni maendeleo, na asiyeshukuru kidogo hashukuru kingi.

Sasa nakuomba, msomaji, uichukue miezi hiyo sita uipeleke Turkana, kwenye Ghuba ya Ferguson, upande wa magharibi wa ziwa. Mji ulio karibu ni Kalokol, kiasi cha kilomita 60 kutoka Lodwar. Mbele yake kuna ulimi wa mchanga uitwao Longech, ambao wakazi wake waishi kwa nyavu. Ghuba yenyewe haina kina kirefu, na ngege huzaliana humo kwa wingi. Samaki hukaushwa juani, wakafungwa mizigo, wakasafirishwa mbali.

Nilipofika huko nilikutana na mvuvi mmoja ambaye kijana wake alikuwa angojea jibu. Aliniambia, "Mzee, mimi nikitega wavu jioni, asubuhi najua kama nina kitu au sina. Huyu ametega tangu mvua za masika, na kila siku aniambia bado." Nikamwuliza mwanawe afanya nini wakati huo. Akanijibu, "Yuko hapa kwa mwili tu. Hawezi kuanza kazi ya kudumu, kwa sababu huenda akaitwa kesho."

Maneno hayo yana hesabu ndani yake. Kuomba nafasi kwa mara ya kwanza ni shilingi 1,500. Maombi hupelekwa kwa kompyuta au simu yenye intaneti, na kozi hubadilishwa tena pale shirika linapofungua nafasi ya kubadilisha. Kijana wa Nairobi hufanya hayo kitandani. Kijana wa Longech huvuka ghuba kwa mashua, na mambo yakiwa magumu apande gari hadi Lodwar, alipe nauli, alipe mwenye saiba, atafute pa kulala. Akikosa tangazo la siku ya mwisho, hakuna wa kumgongea mlango. Siku ni zile zile, lakini uzito wake si mmoja.

Na jibu likija, ndipo lija swali la pesa. Tangu mwaka 2023 serikali iliacha kuwapa wanafunzi wote ruzuku sawa, ikaanza kupima uwezo wa kila nyumba na kuwagawa wanafunzi katika madaraja. Aliye daraja la chini kabisa hutakiwa familia yake ilipe asilimia 5. Aliye la tatu, asilimia 20. Kwa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, hiyo ni 10,000 kwa mmoja na 40,000 kwa mwingine. Kwa mvuvi, tofauti hiyo ndiyo kusoma au kutosoma. Mwaka 2024 malalamiko yalijaa nchini kwamba watoto wa maskini wamewekwa katika madaraja ya wenye nacho. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba mpango huo wakiuka Katiba, na shauri likapelekwa Mahakama ya Rufani. Wakati mawakili wakijadiliana, wanafunzi wakangoja tena.

Hebu tuulize: utapimaje utajiri wa Ghuba ya Ferguson? Mwenye mbuzi 50 leo, ukame ukipiga abaki na watano. Ziwa lenyewe halitulii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wanorwe walijenga hapo Kalokol kiwanda cha kugandishia samaki, ili Waturkana wawe na mapato ya kudumu. Kugandisha samaki katika joto lile kulikula umeme na gharama nyingi mno, kiwanda kikafungwa mapema. Na kufika katikati ya miaka hiyo maji ya ghuba yalikuwa yamekauka. Mwaka 2020 likaja kinyume chake: ziwa likafura, likazimeza nyumba za watu. Watu kama hao ukiwapa fomu iulizayo mapato ya mwezi, waandike mwezi upi?

Wala kungoja si jambo geni katika nchi hiyo. Mkoloni aliifanya Turkana mahali pa kuwaweka watu aliotaka wasahaulike. Jomo Kenyatta aliwekwa Lokitaung, akahamishiwa Lodwar mwaka 1959, akakaa huko hadi 1961. Serikali ya wananchi haifai kuirithi tabia hiyo, hata bila kukusudia.

Wako pia wangojao zaidi. Kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar iko Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Watoto wa Sudan Kusini, Somalia na Kongo husoma humo na kufanya mtihani ule ule wa KCSE. Lakini nafasi zinazogawiwa na serikali ni za raia. Mkimbizi aliyepata alama nzuri hutumainia ufadhili wa DAFI kupitia Umoja wa Mataifa, au mpango wa Kanada uliowachukua wanafunzi wakimbizi tangu mwaka 1978. Nafasi hizo ni chache, na wapo waombao mwaka baada ya mwaka. Huyu hangojei miezi sita. Hangojei hata tarehe, maana hakupewa.

Yafanyike nini, basi? Sidai kila mtu aingie udaktari. Nadai mambo matatu, nayo si makubwa. Kwanza, tarehe ya jibu itangazwe siku ile ile ya kufunguliwa maombi, na ifuatwe. Mtu ajuaye siku yake aweza kuajiriwa kwa miezi minne. Asiyeijua hawezi hata siku nne. Tanzania, katika Azimio la Musoma la mwaka 1974, iliamuru vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Sheria ile ililegezwa baadaye, na ilikuwa na dosari zake, lakini kijana alijua anachokifanya katika muda ule. Pili, jibu la nafasi na jibu la pesa yaje pamoja, kwa maana kumwita mtu bila kumwambia atalipa nini ni kumwita nusu. Tatu, mwenye kupima umaskini wa Longech afike Longech. Chifu yuko, walimu wako, wazee wa ufukweni wako. Wao wajua nani hana wavu.

Lodwar yenyewe ilipata chuo mwaka 2017, kilipoanzishwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana chini ya Masinde Muliro. Hilo limeufupisha mwendo. Lililobaki ni kuufupisha muda, au angalau kuupa mpaka ujulikanao. Nchi ikitaka subira kwa watoto wa maskini, yapasa iwape kwanza kile kinachoifanya subira iwezekane: tarehe ya kuishika, na kazi ya kufanya hadi ifike.