Acheni kutafuta "kipeo kikubwa"!

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi nilipitia programu ya kijana mmoja ya kutafuta digrii ya polinomia yenye vibadilika viwili. Alifanya vile wengi wetu tulivyokaririshwa: angalia vipeo vyote, chagua kilicho kikubwa, basi. Nilipomuuliza akanijibu, "Lakini inafanya kazi!" Ndiyo, inafanya kazi x ikiwa peke yake. Ikiingia y, sheria hiyo ni uongo. Simcheki, maana hata mimi niliwahi kuandika hivyo hivyo.

Chukua 5x⁴ + 2x³y² − 7xy. Mtu wa kipeo kikubwa atasema 4. Jibu ni 5. Katika kila kipande unajumlisha vipeo vya herufi zake: 4; kisha 3 + 2 = 5; kisha 1 + 1 = 2, kwa kuwa herufi isiyoandikiwa kipeo ina 1. Jumla iliyo kubwa kuliko zote ndiyo digrii.

Kuna atakayesema huu ni ubishi wa majina tu. La hasha! Tazama xy − 2 = 0. Kwa sheria ya mkato digrii yake ni 1, yaani ni mstari ulionyooka. Haya, chora mstari ulionyooka wa kweli, x + y = 3. Unaikata ile ya kwanza mara mbili, penye (1, 2) na penye (2, 1). Tangu lini mistari miwili tofauti iliyonyooka ikakutana mara mbili?

Tena weka x = u + v na y = u − v. Umbo ni lilelile, mihimili tu ndiyo imegeuzwa. Unapata u² − v² − 2 = 0, na kipeo kikubwa kimeruka kutoka 1 hadi 2! Kipimo gani hiki kinachobadilika ukigeuza karatasi? Jumla ya vipeo ilikuwa 2 tangu mwanzo, na bado ni 2.

Sikatai, digrii ya kibadilika kimoja kimoja ina kazi yake. Katika SymPy, maktaba ya Python, Poly(x*y**5, x, y) ukiiitishia degree() inakupa 1, ya x. Nayo total_degree() inakupa 6. Yote mawili ni sahihi, kwa sababu kila jibu lina swali lake na jina lake. Kosa ni kuchukua jibu la swali moja na kulibandika jina la lingine.

Kwa hivyo walimu na wanaprogramu wenzangu: jumlisha kwanza, ndipo uchague kubwa. Ni mstari mmoja tu wa msimbo. Tusiuonee uvivu.