Lori Likigoma, Msigombane

Wapendwa, nawajua wawili ambao lori lao la mkopo liligoma: unakanyaga mafuta, injini inabaki kuunguruma tu. Fundi akasema pampu, mume akataka kuchomoa ada ya mtoto, mke akanuna. Jamani, msikimbilie pampu! Kwenye malori mengi ya kisasa ya dizeli pedeli haivuti kebo. Ina sensa, na kwa kawaida hutuma ishara mbili kwa kompyuta. Zisipooana, kompyuta inabana nguvu kwa usalama. Mwiteni fundi umeme asome hitilafu kwa mashine, akague soketi na waya kama vina maji au kutu, kisha apime kama ishara inapanda taratibu bila kurukaruka. Sensa ikiwa imekufa, badilisheni. Spea ya sensa ipo dukani. Ya maneno mliyotupiana haipo.