Mnaobadili injini za Landrova, breki je?

Ukishuka basi pale Voi ukaingia mitaa ya nyuma, hutakosa kuona ua mmoja au miwili yenye Landrova kuukuu. Magurudumu yametolewa, gari limeegemezwa juu ya magogo, na miguu ya mtu imechomoza chini yake. Jirani amesimama kando na kikombe cha chai akitoa maoni ambayo hakuombwa. Mtoto ameshika spana akingoja kuambiwa alete nyingine. Mimi ni mmoja wa wenye miguu hiyo, na kwa sababu hiyo nadhani nina haki ya kuwasema wenzangu.

Landrova ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka wa 1948, na mwaka huo huo mbuga ya Tsavo ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Basi gari hilo na pori letu wamekua pamoja kama watoto wa rika moja. Kwa wazee wetu halikuwa gari la mtu wa kawaida. Lilikuwa la serikali, la askari wa wanyama, la misheni na la mashamba ya mkonge. Lilipotimua vumbi barabarani, watu waliuliza ni nani anatafutwa. Hata zilipoanza kuunganishwa papa hapa nchini, katika kiwanda cha Leyland kule Thika, wengi wetu tulizipata baada ya miaka mingi tu, kwa njia ya mnada, zikiwa zimechoka na viti vimechanika.

Lakini kuchoka si kufa. Bodi ya Landrova ni ya aluminiamu, haishiki kutu ya kawaida. Kinacholiwa ni chasisi yake, ambayo ni ya chuma, na huko Mombasa hewa ya chumvi huimaliza. Hapa Voi hewa ni kavu, na ndiyo sababu utaona chasisi ya miaka arobaini ambayo ukiigonga kwa nyundo inalia kama kengele.

Adui yetu ni vumbi. Vumbi jekundu la Tsavo, ambalo hata ndovu hujipaka mpaka akabadilika rangi, huingia mahali ambapo maji yangeshindwa. Landrova za zamani zina kisafisha hewa chenye bakuli la mafuta, na hewa hupita humo ili vumbi lizame. Watu hulisahau bakuli hili. Mimi hulifungua kila mwisho wa juma ikiwa nimepita njia za mashamba, nikakuta tope zito la rangi ya matofali. Nalimwaga, nalisafisha kwa mafuta ya taa, natia mafuta mapya. Ni kazi ya nusu saa tu, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya. Asiyeifanya anaipa injini yake msasa, kisha analalamika kwamba gari linatoa moshi.

Sasa niingie katika lililonifanya nishike kalamu. Injini ya petroli ya Landrova, ile ya lita 2 na robo, hunywa lita moja kwa kilomita 5 au 6 hivi, na mlimani hata zaidi. Kwa bei za mafuta za leo, hakuna mkulima atakayeibebea kabichi kutoka Werugha akabaki na faida. Kwa hiyo karibu kila mtu anatafuta injini ya dizeli iliyotolewa kwenye matatu au pikapu, nyingi zikiwa za Toyota, na kuiingiza humo. Wako wanaosema kwamba kufanya hivyo ni kuliharibu gari, na kwamba gari la zamani liachwe lilivyotoka kiwandani. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayeweka Landrova yake kwa maonyesho ana haki yake. Sisi tunabeba mbolea.

Mimi nilibadili yangu, chasisi ndefu ya mwaka 1979. Ilichukua siku tisa pale pale uani, pamoja na fundi mmoja na vijana wawili wa jirani. Tulikata na kuchomelea vishikizo vipya, tukahangaika na giaboksi, na siku ilipowaka watu walipiga makofi. Fundi akaniambia, "Mzee, hii sasa itapanda Wundanyi bila kuomba giya ya kwanza." Na kweli ilipanda. Nilijisikia kama mtu aliyeoa upya.

Jambo moja tu lilinisumbua. Pedali ya breki ilikuwa ngumu kuliko zamani. Nilimwuliza fundi, akasema mguu wangu utazoea. Voi ni tambarare, nikazoea.

Wiki ya pili nilikwenda kumchukua mama mzazi kule juu. Nyuma nilipakia magunia ya kabichi na viazi, na wanawake wawili majirani zake wakaomba lifti hadi Mwatate. Wenye kuijua barabara ile ya kuteremka kutoka Wundanyi wanajua kona zake, na wanajua kuna nini upande wa bonde. Kona ya kwanza nilikanyaga breki, gari likapungua shingo upande. Ya pili nilikanyaga kwa nguvu zote. Ya tatu ilikuwa kama nakanyaga jiwe, na harufu ya kuungua ilikuwa imejaa ndani. Mama alinitazama, hakusema neno. Nyuma mmoja wa wale wanawake alianza kuomba kwa Kidawida.

Niliingiza giya ya pili, injini ikapiga kelele. Ile giya ya chini ya rungu jekundu, ambayo ndiyo sahihi kwa mteremko kama ule, haiingii gari likiwa mwendoni. Ilitakiwa niiingize kabla sijaanza kushuka. Breki ya mkono ya Landrova nayo haikamati magurudumu. Inakamata propela nyuma ya giaboksi, na ukiivuta ghafla unaweza kuvunja hafushafti ukabaki huna kitu. Niliivuta kidogo kidogo, huku nikilisogeza gari upande wa mlima, mpaka bawa la kushoto likaparuza udongo na tukasimama. Miguu yangu ilitetemeka hata sikuweza kushuka.

Kosa lilikuwa nini? Injini ya petroli ina mvuto wa hewa, na mvuto huo, kwa mpira mmoja mwembamba, ndio unaosaidia busta ya breki ili mguu usifanye kazi peke yake. Injini ya dizeli haina mvuto huo. Waliotengeneza Toyota walijua, ndiyo maana waliweka pampu ndogo mgongoni mwa altaneta. Ile altaneta ilikuwa imeungua, tukaweka nyingine isiyo na pampu, na ule mpira wa busta, kwa kuwa haukuwa na pa kwenda, tukaufunga kwa waya. Mimi mwenyewe ndiye niliyeshika koleo.

Tangu siku hiyo nimekagua Landrova kadha za marafiki waliobadili injini. Nyingine nimekuta mpira umefungwa vile vile. Nyingine ni za zamani zaidi, zisizo na busta kabisa, na mafuta ya breki yanapita mkondo mmoja, maana yake silinda ya gurudumu moja ikivuja, magurudumu yote manne hayana breki. Mwenyewe ananionyesha taa sita juu ya paa na springi zilizoinuliwa. Namwomba anyanyue gurudumu la nyuma tufungue drami, ananiambia ana haraka.

Nasema hivi: anayetaka kuongeza nguvu aanze na breki na usukani, injini ije mwisho. Na kila bomba linaloondolewa lisifungwe mpaka aliyeko uani aweze kueleza lilikuwa na kazi gani. Na ukishabadili injini, nenda ukaandikishe namba mpya kwenye logbuku, kwani siku ya ajali hutapenda bima ikuulize swali hilo.

Nchi yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na Series III za mwisho zilitoka kiwandani mwaka wa 1985. Hizi tulizo nazo ndizo hizi hizi.

Altaneta yenye pampu niliipata Mombasa baada ya wiki tatu. Mama bado hapandi kwanza. Husimama mlangoni na mkoba wake, akaniambia, "Kanyaga nione." Nakanyaga, anatazama mguu wangu unavyoshuka, ndipo anaingia.